Watkins na bonde lililoonekana halina watu

Carleton Watkins hakuwa wa kwanza kuingia na kamera katika bonde la Yosemite, California. Charles Weed alimtangulia mwaka 1859. Hata hivyo, picha alizopiga Watkins mwaka 1861 ndizo zilizolipa bonde hilo uzito wa kisiasa. Alitumia kamera kubwa iliyobeba vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56, mizigo yake ikapandishwa milimani kwa baghala. Kila kioo kilipakwa dawa ndani ya hema la giza, kikapigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Mwaka uliofuata picha zilioneshwa New York, na tarehe 30 Juni 1864 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde kwa jimbo la California, lihifadhiwe kwa ajili ya umma.

Mtu anaweza kupinga kwamba sheria hupitishwa na wanasiasa, si wapigapicha: aliyeipeleka bungeni ni Seneta John Conness, kwa ushawishi wa Israel Raymond wa kampuni ya meli. Lakini Raymond huyo huyo, alipomwandikia Conness kuomba sheria, alimtumia pia picha za bonde. Alihitaji kitu cha kuwashawishi watu wasiowahi kufika huko. Watkins naye aliijua nguvu hiyo, kwani picha zake za migodi zilikwisha kutumika mahakamani katika kesi za ardhi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wenyeji. Mwaka 1851 kikosi cha wanamgambo kiliwafukuza Waahwahneechee bondeni, na ingawa baadhi yao walirejea, picha mashuhuri za Watkins huonesha miamba, maji na miti, bila watu. Anayezitazama huamini kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe, na imani hiyo ilirahisisha kuwaona wenyeji kama wavamizi. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haizifanyi picha kuwa uongo mtupu. Mbuga pana zilizo wazi kati ya misonobari, zinazoonekana katika picha hizo, hazikuwa zawadi ya maumbile pekee; Waahwahneechee walizitunza kwa kuchoma nyasi kwa mpango, vizazi kwa vizazi. Uchomaji ulipokomeshwa, misitu ilizisonga.

Moto wa San Francisco wa mwaka 1906 uliteketeza studio ya Watkins, naye akafariki mwaka 1916 hospitalini, akiwa mgonjwa wa akili. Picha zilizosalia zimeendelea kutoa ushahidi, safari hii kwa faida ya watu ambao hazikuwaonesha.