Msalaba Uliokuwa Pesa

Vijana wa hapa Mutshatsha wakiona kimsalaba cha shaba shingoni mwangu, huuliza nasali kanisa gani. Nawajibu: hii ilikuwa pesa! Mafundi wa zamani, walioitwa "wala shaba", waliyeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakamimina shaba kwenye kalibu yenye umbo la X. Misalaba hiyo imefukuliwa makaburini Sanga, katika bonde la Upemba. Ilizikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla ya wamisionari kufika. Mwaka 1960 mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga, jimbo letu lililojitenga na Kongo, na 1961 ikachorwa kwenye sarafu zake. Leo ni pambo tu. Wazazi, wasimulieni watoto: shaba yetu ilikuwa na mafundi kabla ya kuwa na makampuni.