Ruba Anapomkamata Mfuma Nyavu

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Kweli zipo hospitali zinazotumia ruba hadi leo?"

Zipo. Mwaka 1985, mjini Boston, daktari Joseph Upton alimrudishia mtoto wa miaka 5 sikio lililonyofolewa na mbwa. Mishipa yake, isiyofika hata milimita moja kwa upana, ilishonwa chini ya hadubini. Damu ikaingia, isipate pa kutokea. Sikio likavimba na kuwa jeusi. Upton akaweka ruba, sikio likapona.

Ushonaji nauacha. Uhondo umo kwenye mate ya ruba.

Mshipa ulioshonwa una jeraha ndani, na jeraha huamsha thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu. Mfikirie thrombini kama mfuma nyavu mwenye mkasi. Katika damu zinaelea nyuzi za fibrinojeni, zenye vifuniko vidogo vinavyozizuia zisishikane. Fundi huyu hukata vifuniko, nyuzi zikashikana, wavu ukafumika, chembe nyekundu zikanaswa kama dagaa. Ukijikata kisu jikoni, wavu huo ndio salama yako. Kwenye vena nyembamba, yaani mishipa inayorudisha damu, ambamo damu hupita taratibu, wavu uleule huziba njia na kuua nyama yote iliyopandikizwa.

Hirudini, protini iliyomo kwenye mate ya ruba, haigusi uzi wala wavu. Humkamata fundi mwenyewe. Kichwa cha hirudini huingia katikati ya makali ya mkasi. Mkia wake hujilaza kwenye mfereji ulio ubavuni mwa thrombini, palepale ambapo fibrinojeni ingeshikwa. Mkasi haukati, uzi hauna pa kukaa! Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, humhitaji msaidizi aitwaye antithrombini; hirudini hujitosheleza. Ndiyo maana ruba akishiba na kudondoka, kidonda chake huvuja kwa saa nyingi. Mvujo huo ndio tiba: unaipa damu pa kutokea mpaka vena mpya ziote.

Wodini, dawa za namna hii huitwa "za kuyeyusha damu". Jina hilo halinikai. Hirudini haiyeyushi donge. Inawahi kabla donge halijafumwa. Sisi tunaokunywa maziwa ya mgando neno tunalo tayari: kizuiamgando. Naomba madaktari walizoee.

Tahadhari moja: ruba ana bakteria, kwa hiyo mgonjwa hupewa antibiotiki.

Tukisema mtu anang'ang'ania kama ruba, huwa tunawaza mdomo wake. Kumbe mng'ang'anizi hasa yumo mateni: hirudini ikishamshika thrombini, kumwachia ni shida.