Usiuziwe stika ya ‘Core i7’ unapotafuta laptopu mpya ya kazi

Laptopu haifi siku ambayo huna kazi. Huzima Alhamisi usiku, brosha ya mteja ikiwa imebakisha kurasa mbili na ankara za mwezi hazijatumwa. Ijumaa asubuhi unajipata Luthuli Avenue, pesa ziko kwenye simu, kijana wa duka anakuita “boss” na kukuvutia kiti. Mezani amepanga mashine tano. Zote “kama mpya”. Zote “Core i7, boss, hii inabeba kila kitu”. Ukiwa na presha ya kazi, hapo ndipo huingizwa boksi.

Haya yanakuhusu wewe unayetumia mashine moja kwa kila jambo: asubuhi Excel na barua pepe, mchana mkutano wa Zoom, usiku Photoshop, Illustrator au CorelDRAW. Huna idara ya teknolojia ya kukuletea nyingine ikiharibika. Ukinunua vibaya, utaendelea kulipa mdogo mdogo deni la laptopu isiyokuingizia hata shilingi.

Kwanza hakikisha ya zamani imekufa kweli. Ikiwa tatizo lake lilikuwa kujikokota tu, na ndani yake kuna diski ya zamani inayozunguka au RAM ya GB 4, fundi anaweza kuweka SSD na kuongeza RAM kwa pesa kidogo kuliko bei ya mashine nyingine. Ikiwa ni ubao mkuu umeungua, usianze kumlipa fundi kila wiki kwa matumaini. Ng’oa diski, hifadhi kazi zako, songa mbele.

Sasa tuseme una kama Sh40,000. Mpya za pesa hiyo mara nyingi huwa na prosesa ya Celeron na RAM ya GB 4. Boksi lina harufu nzuri ya upya, lakini ukifungua Photoshop na kurasa kumi za Chrome kwa pamoja utapika chai, uinywe na uoshe kikombe kabla haijafunguka. Ndiyo maana kura yangu ni kwa ex-UK, yaani mashine za ofisi zilizotumika ng’ambo kisha zikaletwa hapa. HP EliteBook, Lenovo ThinkPad za T na Dell Latitude zilitengenezewa watu wanaochapa kutwa nzima. Kibodi zake ni nzuri, na vipuri havisumbui kupatikana mjini. Chromebook ni rahisi na betri yake hukaa, lakini haiwezi kuendesha CorelDRAW, na ile fomu ya Excel ya KRA yenye makro itakushinda. Hiyo ni mashine ya mwanafunzi, si yako.

Turudi kwa stika. Neno “i7” peke yake halikwambii lolote. Kinachosema ni namba inayofuata kistari. Katika i5-8350U, ile 8 inamaanisha kizazi cha 8. Katika i7-6600U, 6 inamaanisha kizazi cha 6. Na katika i5-1135G7, soma 11. Sasa tazama: i7-6600U ina viini viwili, ilhali i5-8350U ina viini vinne. Yaani hiyo “i5 ya kawaida” inashinda “i7 kali” ambayo kijana anataka kukuongezea Sh5,000 juu yake.

Kizazi kina uzito mwingine tena. Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache mno za cha 7. Madukani bado kuna rundo la EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, ambazo ni za kizazi cha 6, zimesafishwa zikang’aa na kuwekewa Windows 11 kwa njia ya mkato. Itawaka, ndiyo. Lakini Microsoft haikuhakikishii kwamba itaendelea kupata masasisho ya usalama, na wewe ndiwe unayebeba vitambulisho, mikataba na nembo za wateja humo ndani.

Kwa hivyo lenga EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 au Latitude 7490 kwenda juu. Hata hapo, usiamini jina la modeli pekee, kwa sababu hizo tatu zote ziliwahi kuuzwa pia zikiwa na prosesa ya kizazi cha 7. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, na usome namba ya prosesa kwa macho yako mwenyewe. Muuzaji akikwambia “hiyo si lazima”, basi ni lazima.

Ukiwa hapo hapo, gusa Memory. Utaona RAM ni kiasi gani na nafasi ngapi zimetumika. Kwa kazi yako, GB 8 ni ya kuanzia na GB 16 ndiyo ya kustarehe. Photoshop ikikosa RAM huanza kutumia diski kama karatasi ya rafu, na ndipo unaona kile kiduara kikizunguka huku mteja akikuandikia “tumefika wapi?” Uzuri wa zile modeli tatu ni kwamba zina nafasi mbili za RAM, kwa hivyo unaweza kununua yenye GB 8 leo na kuongeza mteja akilipa. Si zote ziko hivyo. ThinkPad X1 Carbon inapendeza, nyepesi kama daftari, ila RAM yake imechomelewa kwenye ubao. Ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho.

Sasa skrini, na hapa ndipo watu wa dizaini huumia kimya kimya. Muuzaji atakwambia “ni Full HD”, na hilo ni jambo jema, maana zile za 1366 kwa 768 bado zimejaa na huwezi kupanga kurasa mbili za jarida humo bila kuumwa macho. Lakini idadi ya nukta si rangi. Mashine hizi zilitengenezewa karani wa London aliyekuwa akijaza majedwali, na karani huyo hakuhitaji kujua wekundu halisi wa nembo ya mteja wako. Nyingi zina kioo ambacho kwenye karatasi ya kiwanda huandikwa “45% NTSC”. Kwa lugha ya nyumbani, kinaonyesha takriban thuluthi mbili tu za rangi za sRGB, kile kipimo ambacho picha nyingi za mtandaoni hutengenezewa.

Matokeo yake ni haya. Unaona nyekundu imepauka, unaiongeza. Bado imepauka, unaongeza tena. Unamtumia mteja kwa WhatsApp, naye anafungua kwenye simu yenye kioo kizuri kuliko laptopu yako, nyekundu inamrukia usoni. Au mbaya zaidi, anaidhinisha bila kuangalia sana, unapeleka River Road, mabango 200 yanatoka na rangi ambayo hakuna aliyeitaka. Gharama ya kuchapisha upya itatoka kwa nani? Si kwa mwenye mtambo.

Dukani, fungua picha moja ya ngozi ya mtu na nyingine yenye nyekundu kali na kijani kibichi, kisha iweke laptopu kando ya simu yako. Inamisha kioo mbele na nyuma. Rangi zikigeuka kama hasi ya filamu, hicho ni kioo cha TN, achana nacho. Zikitulia, ni IPS, angalau. Jaza skrini nzima na nyeupe, halafu nyeusi, utafute madoa na nukta zilizokufa. Wateja wengi hawafanyi hivi kwa kuona haya. Usione haya, pesa ni zako.

Kama kazi yako ya rangi ni nyingi, mimi ningegawa pesa: mashine ya kawaida ya kizazi cha 8, halafu monita ya IPS ya inchi 24 inayofikia karibu asilimia 100 ya sRGB, hata kama ni ya mtumba. Laptopu utabadilisha tena miaka michache ijayo, lakini monita itabaki mezani. Ndiyo, stima ikipotea monita inazima. Lakini stima ikipotea bado una laptopu ya kuandikia ankara, na rangi zitasubiri. Na hata na monita nzuri, kioo kinatoa mwanga na karatasi haitoi. Kazi kubwa ya uchapishaji iombee nakala moja ya kujaribu kabla mtambo haujaanza.

Kuhusu kadi ya grafiki ya kujitegemea, usihangaike ikiwa unafanya mabango, nembo na picha. Ile iliyo ndani ya prosesa inatosha. Ukiwa mtu wa Blender, Lumion au kuhariri video ndefu, hiyo ni safari nyingine kabisa, na Sh40,000 ni nauli ya kufika nusu ya njia.

Na Mac je? MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, bado ni mashine tamu kwa dizaini. Rangi zake zinavuka sRGB, haina feni ya kupiga kelele na betri yake ni ya kuheshimika. Ila RAM haiongezwi, na nyingi utakazokutana nazo ni za GB 8. Pia 3ds Max na Revit hazina toleo la Mac, mambo ambayo mwanafunzi wa usanifu majengo hugundua akiwa ameshalipa. MacBook za Intel zipite hata kama bei inachekesha, kwani Apple ilishatangaza kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwao. Na yoyote utakayochukua, hakikisha mwenyewe wa awali ametoa akaunti yake ya iCloud, la sivyo umenunua sinia.

Kufuli kama hilo liko pia kwa mashine za kampuni. Iwashe upya na uingie BIOS: F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikiomba nenosiri ambalo muuzaji halijui, inuka. Halafu betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na kwenye ripoti linganisha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake sasa. Ikiwa ilikuwa 50,000 na sasa ni 25,000, imebaki nusu, kwa hivyo shusha bei kwa thamani ya betri mpya. Jaribu kila kitufe, kamera, maikrofoni, na kila tundu la USB. Modeli zile tatu pia huchaji kwa USB-C, jambo litakalokuokoa siku umesahau chaja kwa rafiki. Kuhusu plagi, za Uingereza zina pini tatu kama zetu. Ukipewa ya pini mbili bapa, mashine imetoka kwingine. Si kosa, ila usiambiwe ni ex-UK.

Ukishalipa, dai risiti yenye jina la duka, modeli, namba ya siri ya mashine na muda wa warranti, hata kama umelipa kwa M-Pesa. Ukutani kuna kibandiko kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, lakini Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na bila risiti utakuwa na mdomo tu. Wiki ya kwanza usiibembeleze mashine. Ifungulie faili yako nzito kuliko zote, kaa Zoom saa mbili huku inachaji, uone kama inapata moto hadi kujizima. Afadhali ianguke ndani ya warranti.

Ile ya zamani usimwachie muuzaji kama nyongeza ya bei ikiwa na diski yake ndani. Humo mna nakala za vitambulisho, orodha za mishahara na kazi za watu ambazo hazijatoka hadharani, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu pia mtu mmoja anayefanyia kazi chumbani kwake. Itoe, inunulie kasha la USB, na hapo utakuwa na diski ya nje ya kuhifadhia nakala za brosha ile ya Alhamisi.