Nyumba ya Magurudumu na Kaburi la Nyeri

Karavani ni nyumba ndogo inayokokotwa nyuma ya gari. Ndani mna kitanda, meza ya kukunja na mahali pa kupikia, na wenyewe hulala popote jua litakapowazamia, mradi mwenye uwanja amekubali. Ulaya na Marekani chombo hiki hupendwa na wastaafu wengi: watoto wameshajitegemea, kiinua mgongo kimelipwa, na hakuna kazi inayongoja Jumatatu. Kenya karavani ni adimu. Lakini mume na mke waliokuwa na mojawapo ya karavani mashuhuri kabisa duniani walistaafu Nyeri, na huko ndiko walikozikwa.

Hao ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, na mkewe Olave. Wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, mume mwaka 1857 na mke mwaka 1889, kwa hiyo walipishana miaka 32 kamili. Walikutana melini Januari 1912, wakaoana Oktoba mwaka huohuo, na mwanzoni mwa 1913 wakaenda kupiga kambi katika jangwa la Algeria. Fungate ya hemani si kila bibi harusi angeikubali. Olave aliikubali, na tangu hapo ndoa yao ikawa ya safari.

Karavani yao ilikuwa zawadi. Mwaka 1929 maskauti wa dunia walikusanyika Arrowe Park, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kwa jamboree yao ya tatu. Walikuwa wamechanga peni mojamoja ili wampe mkuu wao kitu cha kumkumbusha siku hiyo. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa anataka nini, alijibu kuwa hakupungukiwa na kitu isipokuwa kanda za mabegani za kushikia suruali. Kanda akapewa, na pamoja nazo gari la Rolls-Royce na karavani iliyotengenezwa na kampuni ya Eccles. Gari likabandikwa jina la Jam Roll na karavani ikaitwa Eccles Cake, yote mawili majina ya vitafunio vya Kiingereza. Vyombo hivyo viwili havikuletwa Kenya. Wenyewe ndio waliokuja.

Mwaka 1935 walifika Nyeri na kupokewa na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell. Walker na mkewe walikuwa wenye hoteli ya Outspan mjini, pamoja na Treetops, ile hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare iliyofunguliwa mwaka 1932. Jina Outspan lenyewe ni la wasafiri. Limetoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini, na maana yake ni kuwafungua maksai nira baada ya mwendo wa siku nzima ili wapate malisho na watu wapike. Kwa mzee ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka, jina lilikuwa mahali pake.

Walirudi mwaka 1938 wakakaa katika nyumba ndogo waliyojengewa kwenye uwanja wa hoteli hiyo. Waliiita Paxtu. Nyumba yao ya Uingereza ilikuwa Pax Hill, na hii sasa ikawa Pax ya pili, kwa mchezo wa maneno ya Kiingereza. Baraza yake iliutazama Mlima Kenya, na hapo Baden-Powell alichora ndege na wanyama na kuandika vitabu vyake vya mwisho. Alifariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83. Juu ya jiwe la kaburi pamechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiacha njiani kumwambia anayefuata nyuma kwamba mwenzake amekwisha kwenda nyumbani. Olave alirejea Uingereza, akaendelea kuzuru nchi baada ya nchi hadi uzeeni. Alipofariki mwaka 1977 majivu yake yaliletwa Nyeri, yakawekwa katika kaburi lilelile. Paxtu ilipata baadaye mpangaji mwingine mstaafu, Jim Corbett, mwindaji maarufu wa India, aliyeishi humo na dada yake hadi alipofariki mwaka 1955. Naye amezikwa makaburi hayohayo.

Ni ajabu kidogo kwamba mji wenye historia hiyo hauoni karavani zikipita. Sababu mojawapo ni desturi. Mtumishi wa umma wa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60 tangu mwaka 2009, awali ilikuwa 55, na jamii humtarajia arudi shambani atunze kahawa, majani chai na ng'ombe. Safari yake ni ya harusi, matanga au ya chama. Sababu ya pili ni barabara. Kuvuta nyumba nyuma ya gari kwenye miteremko na kona za upande wa mashariki wa Mlima Kenya ni kujitafutia balaa. Wasafiri wengi wa kambi hupendelea gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye hema la kukunjua juu ya paa.

Gari la namna hiyo linaweza kuuzunguka Mlima Kenya wote kwa njia ya lami isiyofika kilomita 400. Siku nne au tano zinatosha bila haraka, na mstaafu ana haja gani ya haraka? Kutoka Nyeri hadi Nanyuki ni takriban kilomita 60. Njiani kuna Naro Moru, penye viwanja vya kambi kando ya mto baridi wenye samaki wa trauti, na asubuhi kabla mawingu hayajapanda kilele cha Batian, chenye mita 5,199, huonekana wazi. Nanyuki watu hupiga picha kwenye kibao cha ikweta. Mbele yake ni Timau na mashamba ya ngano, kisha barabara inateremka hadi Meru, penye migomba na miraa.

Kutoka Meru kwenda Chuka na Embu sura ya nchi hubadilika kabisa. Upande huu hupata mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi, ilhali Nanyuki iko nyuma ya mlima na ni kavu zaidi. Mito imekata mabonde marefu, na dereva anapaswa kushika gia ndogo mapema, hasa kwenye Daraja la Nithi, ambako ajali zimeua watu wengi. Chogoria kuna njia ya msituni inayopanda hadi karibu na mita 3,000 kwenye lango la hifadhi ya mlima. Ikinyesha, tope lake halichagui dereva hodari wala mzembe. Baada ya Embu huja tambarare za Mwea na mchele wake wa pishori, kisha soko la Karatina, mahali pazuri pa kujaza kikapu kabla ya kuingia tena Nyeri.

Wazee wana tahadhari yao ya ziada. Gari humfikisha mtu juu upesi kuliko mwili unavyoweza kuzoea: lango la hifadhi la Sirimon liko kwenye mita 2,650 hivi, na ukipita 3,000 kichwa huweza kuuma na usingizi kukimbia. Mwenye shida ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza, na alale usiku mmoja au miwili Nyeri au Nanyuki kabla ya kupanda. Usiku ni baridi kali, kwa hiyo blanketi za ziada ni lazima. Chakula kifungiwe ndani ya gari, maana tumbili ni wezi wa mchana, na nyati hupita kambini usiku. Miezi ya Januari, Februari, Agosti na Septemba ina mvua kidogo. Ndani ya hifadhi kambi hulipiwa kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, kupitia mtandao wa eCitizen. Malango hayapokei pesa taslimu.