Kuchagua Reli za Treni Ndogo ya Kudumu

Babu yangu alifanya kazi ya reli hapa Lubumbashi. Nilipoanza kumjengea treni ndogo juu ya ubao, kwa kipimo cha 1:87, niligundua kwamba mtu anaweza kukosea kabla hata ya kununua injini.

Reli zinazouzwa zaidi kwa kipimo hicho zina upana wa milimita 16,5. Zidisha kwa 87: unapata karibu 1435, upana wa reli nyingi za Ulaya. Reli zetu za Katanga zina milimita 1067. Gawanya kwa 87: 12,3. Basi nikachagua reli za milimita 12.

Swali la pili ni umbo. Vipande vifupi vinafaa treni inayofunguliwa na kuwekwa kabatini. Kwa treni ya kudumu, chagua reli ndefu zinazopindika: viungo vinapungua, na umeme hukatika hasa kwenye viungo. Pitisha kwanza behewa refu kuliko yote katika kila kona, ndipo umwage kokoto na gundi. Baada ya hapo, kurekebisha ni kubomoa.

Wanafunzi wa lugha tunaonywa tusiandike sauti kwa alama ya sauti jirani. Babu naye angeitambua reli ya kigeni kwa kuitazama tu.