Tusimtupe Jongoo na Mti Wake: Dalili za Ugonjwa na Msongo kwa Jongoo Anayefugwa

Walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunaufahamu usemi wa kumtupa jongoo na mti wake, yaani kuondokana na jambo baya pamoja na kila kinachohusiana nalo. Hata hivyo, wapo watu wanaomtunza jongoo badala ya kumtupa. Jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Archispirostreptus gigas, hufugwa majumbani na katika bustani za wanyama huko Ulaya na Marekani. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 30 na kuishi miaka 5 hadi 7. Darasani pia ni zana halisi nzuri: hang'ati, haendi mbio, na hutukumbusha upatanisho wa kisarufi, kwani husemwa "majongoo wamelala", si "majongoo yamelala". Tatizo ni kwamba hana sauti ya kulalamika. Je, tutajuaje kwamba anaumwa?

Kwanza, tujue hali yake ya kawaida. Jongoo mwenye afya ana gamba gumu lenye mng'ao. Anapotembea, hupapasa njia kwa vipapasio vyake. Akiguswa ghafla hujikunja kwa nguvu, kisha hujikunjua baada ya muda. Kujikunja huko ni kujikinga, si ugonjwa.

Pili, zipo dalili za msongo. Jongoo anayeshikwashikwa sana hutoa majimaji ya rangi ya hudhurungi yenye harufu kali. Majimaji hayo huacha madoa kwenye ngozi na huwasha macho, kwa hiyo ni lazima kunawa mikono. Dalili nyingine ni kuhangaika juu ya udongo mchana na kujaribu kupanda kuta za chombo mara kwa mara. Mara nyingi maana yake ni kwamba udongo ni mkavu mno, umelowa mno au haupitishi hewa.

Tatu, dalili za ugonjwa. Jongoo aliyekosa unyevu husinyaa na gamba lake hufifia. Aliyedhoofika hulegea na hajikunji hata akiguswa. Harufu ya uozo, madoa ya ukungu au majimaji yanayovuja kati ya pingili ni hatari kubwa. Utitiri wachache mwilini kwa kawaida hawamdhuru. Wakiongezeka sana, punguza maji na ondoa mabaki ya chakula. Mguu mmoja ukikatika, usiogope, kwani unaweza kuota tena anapojivua gamba.

Hapo ndipo makosa mengi hutokea. Jongoo anapokaribia kujivua gamba huacha kula, hujichimbia ardhini na kutulia kwa majuma kadhaa. Gamba jipya huwa laini na jeupejeupe, naye hula lile la zamani ili kurudisha madini ya chokaa. Akifukuliwa wakati huo, anaweza kujeruhiwa vibaya au kufa. Wengine hudhani amekwisha kufa, wakamtupa akiwa hai. Kwa hiyo, jongoo asiyeonekana aachwe mahali alipo. Tuangalie tu kwamba udongo una unyevunyevu.

Tiba yake kubwa ni makazi bora: udongo uliochanganywa na majani na miti iliyooza, wenye kina kisichopungua urefu wa mwili wake, joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, kipande cha ganda la yai kwa ajili ya chokaa, na mboga zisizo na dawa za kuulia wadudu.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika shajara ya jongoo wa darasa kwa muda wa mwezi mmoja, wakitumia vitenzi kama kujikunja, kujikunjua, kutambaa, kupapasa, kulegea na kusinyaa. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa usahihi tofauti ya jongoo "aliyetulia" na jongoo "aliyelegea" atakuwa amejifunza msamiati, na huenda pia akawa ameokoa uhai.