Mtungi, Futi na Daftari: Kuipima Nguvu Mwili Unapopungua

Wengi wetu akina mama wa Kwale tukiazimia kupunguza mwili, kitu cha kwanza tukitafutacho ni mizani. Tunaipanda katika duka la dawa pale Ukunda, au kwenye zahanati iliyo karibu, tunasoma tarakimu, na tarakimu hiyo ndiyo inayotuamulia kama wiki ile ilikuwa ya heri au ya hasara. Mizani ina kazi yake, wala hatuikatai. Lakini haijui kupambanua mafuta na msuli, wala maji ya mwilini na wali wa nazi wa jana usiku.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 49 nchini Kenya wamezidi uzito unaofaa. Sukari na presha zimeingia katika nyumba zetu kutoka Tiwi hadi Vanga, na kila familia inamjua mama ambaye magoti yake yamemlazimisha kuswali akiwa amekaa kitini. Mama akiogopa hayo, aghalabu hujinyima chakula. Kilo zinashuka, majirani wanasifu, ilhali sehemu ya kilichopungua ni msuli wa mapaja na mgongo, yaani ule ule unaomnyanyua kutoka kwenye sijida. Uzito ukirudi, na mara nyingi hurudi, hurudi zaidi kama mafuta. Mama huyo huwa amerejea pale alipoanzia akiwa dhaifu zaidi.

Ndiyo maana tunasema kwamba anayepunguza mwili apime mambo mawili: kinachopungua, na nguvu inayobaki. Si fikra ngeni kwetu. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Bibi Aisha (Radhiya Llahu anha) alishindana mbio na Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam) safarini akamshinda, kisha baadaye, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena naye akashindwa. Mashindano yale yale, watu wale wale. Tofauti ikadhihirika katika kile ambacho mwili uliweza kufanya.

Tuanze na nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea. Mwanamke wa Kinango au Lunga Lunga anaweza kutuuliza: mazoezi gani tena, nami nabeba mtungi wa lita 20 kila siku? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya. Mwili huongeza nguvu pale tu unapodaiwa zaidi ya ulivyozoea. Mtungi ule ule, njia ile ile, kwa miaka 20, humdumisha mtu alipo lakini haumpandishi. Na hawezi kujua kama mzigo umeongezeka asipoandika.

Uzuri ni kwamba mtungi huo huo ndio chombo bora cha mazoezi, tena ndani ya ua na kwa stara kamili, bila haja ya jimu yenye mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Lita moja ya maji ina kilo moja. Ukitia lita 8 katika mtungi wa lita 20, umebeba kilo 8, na karibu moja nyingine ya mtungi wenyewe. Wiki ijayo unatia lita 9. (Mchanga wa ufuoni usiutumie kwa kukisia, lita yake ni nzito kuliko ya maji, na hesabu itakupotea.) Inatosha kuchuchumaa na kusimama ukiwa umeukumbatia mtungi kifuani, kuunyanyua kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, kuuvuta kuelekea ubavuni ukiwa umeinama kidogo, na kuusukuma ukuta kwa mikono miwili. Usizuie pumzi, hasa mwenye presha. Toa pumzi wakati wa kunyanyua.

Katika daftari andika tarehe, zoezi, lita, na mara ngapi katika kila duru. Andika pia ulisimama ukiwa umebakiwa na uwezo wa mara ngapi. Kubakiwa na mbili ni kipimo kizuri. Tuchukue mfano. Mama anaanza na kilo 8, duru 3 za mara 8, jumla kilo 192. Baada ya wiki nane ananyanyua kilo 12, duru 3 za mara 10, jumla kilo 360. Katika muda huo mizani imeshuka kutoka 82 hadi 80 na nusu tu, na lau ingekuwa ndiyo kipimo chake pekee angekwisha kata tamaa. Lakini futi ya fundi cherehani inasema kiuno kimetoka sentimita 98 hadi 93. Huyo anafanikiwa, tena sana. Tuongeze kwamba nguvu ya wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli kuliko misuli yenyewe kukua. Kwa hivyo kasi ikipungua baadaye, usidhani umekosea.

Kuhusu mizani: jipime asubuhi baada ya haja, kabla ya kifungua kinywa, mara tatu au nne kwa wiki, kisha utafute wastani. Chumvi ya achari, siku za hedhi na hata misuli iliyochoka huzuia maji mwilini na kuongeza kilo moja au mbili ambazo si mafuta. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki hii na wiki kama hii ya mwezi uliopita, asilinganishe na juzi. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetoka. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni mwanzo wa hatari kuongezeka, na 88 ni hatari kubwa.

Kasi nayo ina mpaka. Mwenye kilo 80 akipungua gramu 400 hadi 800 kwa wiki, inatosha. Akishuka kwa kasi kuliko hivyo, na daftari likaonyesha kwamba lita alizozimudu zamani sasa zinamshinda kwa wiki mbili mfululizo, basi chakula amekipunguza mno, au usingizi haumtoshi.

Na hapa tuseme wazi kuhusu chungu. Kijiko kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120, na hatujui mpishi wa pwani anayemimina kijiko kimoja. Punguza mafuta, mahamri na tui zito la kwanza, lakini usipunguze kitoweo. Anayefanya mazoezi haya anahitaji takriban gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito anaoulenga. Mwenye kulenga kilo 70 anahitaji 84. Yai lina 6, bilauri ya maziwa 8, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya 20. Pweza wa Shimoni, dagaa, mbaazi, kunde na pojo vyote vinahesabiwa. Mwenye maradhi ya figo asifuate hesabu hii bila daktari wake. Anayetumia dawa za sukari pia amwone daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa mazoezi huteremsha sukari, na mzazi wa karibuni, hasa aliyepasuliwa, asubiri ruhusa.

Mwezi wa Ramadhani usitafute kuongeza lita. Fanya baada ya futari kusagika, punguza duru, nguvu ibaki pale pale.

Kwa akina bibi, ambao mtungi si wao tena, kuna kipimo kinachohitaji kiti tu. Kiti kisicho na mikono kiegemezwe ukutani, mikono ikunjwe kifuani, na mtu ahesabu ni mara ngapi anasimama wima na kukaa kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 akipata chini ya mara 12 yuko chini ya wastani. Wa miaka 65 hadi 69, chini ya 11. Wa miaka 70 hadi 74, chini ya 10. Mjukuu mwenye saa ya simu anaweza kuwa msimamizi. Bibi akipata 9 mwezi wa Rajabu na 11 mwezi wa Shawali, iandikwe katika daftari hilo hilo, kwenye ukurasa wake mwenyewe.